Siku Pamba Alipokosa Damu ya Kuziba

Kaka yangu ana kazi mbili na zote ni za damu. Asubuhi ni muuza nyama. Ana bucha kando ya barabara, yenye kioo mbele, kulabu za chuma juu, na gogo la kukatia ambalo limeliwa na shoka mpaka katikati pamebonyea. Siku za mapambano ni mziba damu. Bondia akichanwa uso, yeye ndiye hupanda ulingoni raundi ikiisha, na kengele ikilia tena damu iwe imekata. Vijiti vya pamba huvichomeka nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake, ndiyo maana kila mtu anamwita Pamba. Jina alilopewa na wazazi tunalijua mimi na yeye, na yeye sina hakika.

Mimi ni dada yake mdogo. Ndimi ninayepima nyama na kubishana na wateja wanaotaka mnofu usio na mfupa kwa bei ya mfupa usio na mnofu. Ngumi nazichukia. Pambano hata moja sijakosa.

Mke wake alishaondoka siku nyingi. "Nyumba imejaa damu," alisema huku anafunga sanduku. "Mchana ya ng'ombe, jioni ya watu. Mimi niliolewa na mwanamume, sikuolewa na machinjio." Akatuachia binti mdogo, tukamlea sisi wawili. Nilimnunulia cherehani ajifunze kushona. Akaiuza, akanunua glavu. Ulingoni wanamwita Nyigu, kwa sababu kiuno chake ni chembamba, hatulii, na akikugusa unajua umeguswa.

Huyu Nyigu alikuwa na balaa moja, nalo lilikaa juu ya jicho lake la kushoto. Mazoezini aligongana vichwa na mwenzake, ngozi ikapasuka mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Ikashonwa, ikafunga, ikapasuka tena. Kila pambano, ngumi ikitua pale tu, damu inafumuka na kuingia jichoni, refa anamwita daktari wa ulingo, daktari anatazama, anapunga mikono, habari imekwisha. Mtoto wetu alikuwa anashindwa huku anaongoza. Kuna siku alimvunja mpinzani pua, yule dada akawa anapumulia mdomo na kurudi nyuma mpaka kwenye kamba, hana tena hamu ya kuishi. Halafu ukingo wa glavu ukampitia Nyigu juu ya jicho, kidogo tu. Damu. Pambano likasimamishwa. Nyigu aliipiga nguzo ya kona kwa ngumi, akaipiga tena, mpaka bandeji za mikononi zikalowa. Baba yake alimkumbatia kichwa na kukibonyeza kidonda kwa kidole gumba, na aliyelia alikuwa baba.

Mimi niliipenda ile damu. Nasema wazi. Ilikuwa inanirudishia mtoto nyumbani mapema.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu kona, la sivyo hamtanielewa. Kwenye kona kila mtu na chake, na ole wako uguse cha mwenzako. Kocha ana maneno na ana taulo. Akilirusha taulo ulingoni, bondia wake ameshindwa, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kulirusha. Wa maji ana chupa na kigoda. Mziba damu ana uso, basi. Hatoi ushauri, hasemi habari za ngumi, hata bondia akiwa amemzaa mwenyewe. Kaka yangu aliishi ndani ya sheria hiyo miaka yote na kuiheshimu kuliko sheria za barabarani, ambazo kwa kweli haziheshimu hata kidogo.

Hospitali alikoshonwa Nyigu mara ya mwisho kulikuwa na tangazo ukutani: wanatafutwa watu wenye vidonda vinavyofunga na kufunguka, wajiunge na jaribio la dawa mpya. Nyigu alilipiga picha na simu. Wiki hiyohiyo tukawa tumekaa watatu mbele ya mtafiti mmoja, mwanamke mpole mwenye miwani inayoteleza, ndani ya chumba chenye friji ndogo na kitanda cha ngozi nyeusi.

"Hii dawa bado haina jina, ina namba tu," alisema, akatuonyesha tyubu. "Ndani yake kuna peptidi. Mnajua protini? Protini ni kama mkufu mrefu wa shanga. Peptidi ni kipande kifupi cha mkufu kama huo. Mwili wenyewe unatumia vipande vya aina hii kupelekeana habari. Ngozi ikichanika, habari inatoka: njooni hapa, pameharibika, jengeni. Sisi tumekiiga kipande kimoja, tukakitunga upya maabara, shanga moja baada ya nyingine. Hakikutoka kwa mnyama wala kwa mtu."

Pamba alikuwa ameegemea mbele, viganja magotini. "Kwa hiyo haishoni yenyewe," akasema. "Inaita mafundi."

"Ndiyo, mzee. Na mimi siwezi kukuahidi kwamba mafundi watakuja, wala kwamba watajenga imara. Ndicho tunachojaribu kujua. Na kuhusu kupigana, kama ingekuwa ni mimi wa kuamua, asingepigana mpaka tumalize kumfuatilia."

"Si wewe wa kuamua," Nyigu akasema, kwa adabu lakini akasema.

Mtafiti akasukuma miwani juu. "Basi ukipigana, uje nikuone baadaye. Kidonda kikipasuka, nitaandika kimepasuka. Nataka ukweli, hata ukiwa mchungu."

Waliisafisha ile sehemu, wakaondoa kovu bovu lililokuwa limejirundika, wakaanza kupaka. Baba mtu alisimamia kila siku. Mwanzoni mimi nilikuwa nacheka. Nilisema wamepewa mafuta ya mgando yaliyosoma chuo. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ngozi ilianza kurudi kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona. Haikuwa ile ngozi ya kung'aa na nyembamba kama ya kitunguu. Ilikuwa ngozi ya mtu, nene, yenye rangi yake.

Watu wa kona wana namna yao ya kujua kama kidonda kimepona. Wanaweka kidole gumba juu ya kovu na kulisukuma pembeni, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kufungua kifuniko kilichokwama. Kovu bovu hujigawa. Pamba alimsukuma binti yake hivyo mpaka Nyigu akatoa machozi. Halikugawanyika. Akalisugua na taulo kavu. Wapi. Mwisho akampeleka mazoezini, akamwambia kijana mmoja mzito, "Mpige pale pale." Kijana akasitasita. "Nimesema mpige!" Yule akampiga ngumi ya kweli, kichwa cha Nyigu kikayumba kama mlango, akarudi akicheka na meno yana damu ya mdomo. Juu ya jicho, kavu kabisa.

Pamba alirudi bucha anaimba. Alimfungia mtafiti maini mazuri, mtafiti akayakataa akisema haruhusiwi kupokea zawadi, ikabidi tuyale sisi.

"Kaka," nikamwambia huku tunaosha visu, "ile damu ndiyo iliyokuwa inamsimamisha. Sasa atasimamishwa na nini?"

"Atasimama mwenyewe akishashinda," akanijibu. "Usianze uchuro."

Pambano lilikuwa la mkanda, alasiri ya Jumamosi, kwenye ukumbi wenye paa la bati na feni zinazozungusha joto. Mpinzani alikuwa dada mmoja mrefu anayepigia mkono wa kushoto. Walimwita Tingatinga, na aliyempa jina hilo hakutia chumvi. Kabla ya kupanda, Nyigu alimshika baba yake mkono. "Baba, leo usinisimamishe. Hata wakikuomba. Niahidi." Akaahidi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kona yao, mstari wa kwanza, niliweza kunusa mafuta aliyopakwa usoni.

Raundi za mwanzo Nyigu aliingia na kutoka, akapiga mbavu, akapiga ini, Tingatinga akawa anagugumia. Ukumbi ulisimama. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu akaniziba mdomo kwa karatasi yake ya ratiba. Kisha Tingatinga akamsoma. Mkono wa kushoto ukaanza kufika. Ulifika shavuni, ukafika sikioni, ukafika juu ya jicho pale pale tulipopaogopa, ngumi kavu iliyosikika mpaka nyuma. Watu wote wa kona wakainama kuangalia. Ngozi imekaa. Kocha wetu, mwanamume mwenye kifua na sauti ya mnada, akampiga Pamba mgongoni. "Dawa hiyo! Dawa hiyo!"

Basi akaendelea kupigwa. Siwezi kulisema kwa upole. Alipigwa ngumi za kichwa ambazo zamani asingezifikia, kwa kuwa zamani angeshakuwa nyumbani na barafu usoni. Kichwa kilirushwa kulia, kikadakwa na ngumi nyingine, kikarudishwa kushoto. Sikio likafura. Jasho liliruka kutoka kwenye nywele zake likatulowesha tuliokaa mbele. Alianguka kwa goti, akasimama. Refa akamtazama usoni, na uso ulikuwa safi, macho yote mawili wazi. "Uko sawa?" "Niko sawa." "Pigana." Zamani refa alikuwa anasimamisha pambano kwa damu ya kijiko kimoja. Sasa mtoto anauawa mbele yake, na kwa sababu haoni wekundu, anaona hakuna kitu.

Na kaka yangu naye alikuwa hivyohivyo. Hilo ndilo lililoniuma. Kila raundi ikiisha alipanda na pamba zake, akatafuta damu, akakosa, akabaki ameshika pamba nyeupe mkononi hajui azipeleke wapi. Akamwekea shavuni kile chuma baridi cha kushusha uvimbe, akashuka. Maisha yake yote hatari ilikuwa na rangi.

Kabla ya raundi ya mwisho Nyigu alitembea kwenda kona ya Tingatinga. Refa akamgeuza, watu wakacheka. Akakaa kwenye kigoda chetu, mkono wa kulia ukining'inia nje ya paja. Kocha akaanza kumwaga maneno. Nyigu hakumtazama. Alimtazama baba yake, akasema kwa sauti ya kawaida, ya jikoni:

"Baba, umefunga bucha? Nyama itaharibika."

Nilimwona kaka yangu akibadilika rangi. "Nyigu. Tuko wapi hapa?"

"Mwambie shangazi azime taa."

Pamba akamgeukia kocha. Alivunja sheria yake kwa mara ya kwanza. "Rusha taulo."

"Una wazimu? Imebaki raundi moja!"

"Mtoto hayupo. Rusha taulo, nakuomba."

"Yuko wima! Hana hata mkwaruzo!" Kocha alilikamata taulo na kulibana kwapani. "Wewe kazi yako damu. Kuna damu?"

Pamba akazitazama zile pamba nyeupe mkononi. "Hakuna," akasema.

"Basi fanya kazi yako."

Akapiga moyo konde. Ninajua kwa sababu nilimwona mabega. Ni mabega niliyokaa nayo bucha miaka na miaka, najua yanavyokaa anapotafuta kiungo kabla ya kukikata. Aliinama mbele ya binti yake, mgongo wake ukamficha kwa refa na kwa kocha. Mkono wa kushoto ukaweka pamba juu ya jicho. Mkono wa kulia ukaingia mfukoni, ulimokaa mkasi wa kukatia bandeji. Kiwiko kikasogea mara moja, fupi. Nyigu akashtuka, akavuta pumzi kwa meno. Kisha Pamba akaondoa pamba.

Damu ilishuka kama pazia. Ikajaza jicho, ikapita shavuni, ikadondoka kwenye kifua na magoti na kitambaa cha ulingo. Kocha akapiga yowe, "Imefumuka! Ziba! Ziba!" Na kaka yangu, ambaye hajawahi kuiacha damu ya mtu ipotee, akarudi nyuma hatua moja, mikono ubavuni, akaiacha itoke.

Refa akaja mbio. Daktari wa ulingo akapanda, akafuta, ikarudi, akafuta, ikarudi. Akapunga mikono. Tingatinga akabebwa juu na mkanda wake. Nyigu alielewa pale tu alipoona mikono inapungwa, nayo alikuwa ameizoea. Akamrukia daktari, akamkosa, akamtukana refa, akampiga kocha kifuani, akamtafuta baba yake kwa lile jicho moja lililobaki likiona. Alimtazama sana. Halafu miguu ikamwishia.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alitapika, mkono wa kulia ukakataa kufunga ngumi. Hospitali walimnyoa upande mmoja na kutoboa fuvu. Damu ilikuwepo siku ile yote. Ilikuwa ndani, kati ya mfupa na ubongo, inajaa polepole huku sisi tunashangilia ngozi. Daktari mpasuaji alitoka na kofia yake ya kijani mkononi, akasema, "Mmempa bahati huyu. Kama lile jicho lisingechanika, angepigwa raundi nyingine, na mimi na ninyi tungekuwa tunazungumza mengine." Pamba alikaa sakafuni palepale koridoni. Niliona aibu kwa ajili yake, kisha na mimi nikakaa.

Nilinyamaza, ingawa mdomo wangu hauna mazoea hayo. Kila mtu aliamini glavu ndiyo iliyofungua kovu. Kocha alisema, refa aliandika, na mashabiki wa mtaani waliokuja bucha walilaumu ile dawa ya namba. Nyigu akaruhusiwa, akarudi nyumbani na kilemba cha bandeji, anabeba kikombe kwa mkono wa kushoto. Lakini Nyigu hakumsemesha baba yake. Salamu ilipitia kwangu. "Shangazi, mwambie baba chai iko mezani." Baba mwenyewe amekaa mezani.

Mtafiti alipotuita tulikwenda watatu kama mwanzo, chumba kilekile, friji ileile. Aliitazama ile sehemu kwa muda, akaigusa kwa glavu, akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa mtu wa kujizuia, lakini uso ulimwanguka.

"Nasikitika," akasema. "Kwa kweli nilikuwa na matumaini sana na wewe. Kwa hiyo lilipasuka ulipopigwa. Nitaandika hivyo. Haikustahimili."

Kalamu ikagusa karatasi. Nikamtazama kaka yangu, na ninyi mnajua nilichokiomba moyoni: nyamaza. Nyamaza, mjinga wewe, hakuna aliyeuliza. Kovu limeshaharibika, mtoto yuko hai, chama cha ngumi hakijui kitu, na huyu mama na mkufu wake wa shanga atapata watu wengine wa kuwapaka.

"Daktari, usiandike hivyo," Pamba akasema. "Dawa yako haikushindwa. Ile ngozi ilipigwa ngumi sijui ngapi na haikutikisika. Nimeikata mimi. Kwa mkasi."

Kalamu ikasimama. Friji ikanguruma pembeni. Mimi nilikuwa natazama sakafu, maana kumtazama Nyigu nilishindwa.

"Najua," Nyigu akasema. Alikuwa anasema na baba yake, moja kwa moja, bila kupitia kwangu. "Nilisikia baridi ya mkasi. Sikukumbuka jina langu, lakini ile baridi nilijua ni ya mkono wako."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilikuwa nangoja nione kama utaniacha niamini ni glavu."

Pamba akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuahidi sitakusimamisha."

"Uliniahidi."

"Ndiyo."

"Leo siwezi kukusamehe, baba. Ule mkanda ulikuwa wangu, hata kama ungeniua. Labda sitakusamehe kabisa."

"Sawa," kaka yangu akasema. "Lakini uko hapa unanikatalia."

Nililia, na sikujificha. Mtafiti aliikata sentensi aliyokuwa ameianza, akaandika nyingine, ndefu, na kuinamisha kichwa muda wote anaandika. Kisha akaenda kwenye friji. Akasema kama Nyigu anataka, wanaweza kuifunga tena ile sehemu, hakuna anayemlazimisha.

Kesho yake Pamba alikwenda mwenyewe kwenye chama cha ngumi akayasema yaleyale. Walimfungia maisha. Kocha alikuja bucha kutukana, nikamtoa nje kwa paja la ng'ombe lililokuwa kwenye mizani, na silijutii. Vile vijiti vya pamba hakuviweka tena sikioni. Siku za mwanzo mkono wake ulikuwa bado unapanda kuvitafuta, unakuta nywele.

Lakini jioni ya siku ileile tuliyotoka kwa mtafiti na tyubu mpya, Nyigu alijaribu kupaka mwenyewe mbele ya kioo. Mkono wa kulia ulitetemeka, dawa ikaenda kwenye pua. Akabadilisha mkono, ikaenda kwenye nywele. Nikasogea, nikanyoosha kiganja anipe. Akanitazama, akanipita, akaenda mpaka mezani alipokaa baba yake na kumwekea tyubu mbele.

Pamba alinawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, mpaka kwenye viwiko, kama anavyofanya akifunga bucha. Akakausha kidole gumba, akaweka dawa kidogo kwenye ncha yake, akakisogeza kwenye uso wa binti yake na kukisimamisha karibu na jicho, hakigusi.

"Funga jicho," akasema.

Nyigu akafunga yote mawili.